Kibwa wa kilo moja katika kihamba

Swali la kwanza analokutana nalo mtu anayepanda na kibwa wa aina ndogo hadi Machame, mlimani Kilimanjaro, ni hili: "Huyu atalinda nini?" Ni swali la haki. Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, mbwa ana kazi yake. Mchana hufungwa nyuma ya banda la ng'ombe, usiku hufunguliwa azunguke migombani, alfajiri hurudi kwenye mnyororo. Hula makombo, huchanjwa kichaa cha mbwa siku bwana mifugo akitangaza, na akikanyaga sebuleni hufukuzwa kwa fagio. Chihuahua, Maltese au Pomeranian hana nafasi katika utaratibu huo. Hata akikomaa hazidi sana kilo tatu, na mwizi wa mkungu wa ndizi hawezi kumwogopa, ingawa kusema kweli mara nyingi huyu mdogo ndiye atakayemwamsha mbwa mkubwa.

Lakini wanakuja. Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam inapojaa Wachagga wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, baadhi ya magari huwa na kikapu chenye kibwa aliyenunuliwa wiki hiyohiyo. Wengine huletwa na wastaafu waliojenga juu ya Kwa Sadala, wengine ni zawadi kwa bibi ili apate wa kuzungumza naye. Na vibwa wengi wanaofia huku walipendwa sana. Kinachowaua ni vipimo. Dozi ya dawa, urefu wa usiku, ukubwa wa sahani, hata uzito wa mbwa wa jirani, vyote vimekatwa kwa saizi ya ng'ombe, ya mtu au ya mbwa wa ulinzi, na hakuna aliyekaa chini kuvipima upya kwa mnyama wa gramu 800.

Anza na tumbo. Kwa kila kilo ya mwili wake, mnyama mdogo huunguza nguvu nyingi kuliko mkubwa. Kwa kanuni wanayotumia madaktari wa mifugo, mbwa wa kilo 25 aliyetulia anahitaji karibu kilokalori 780 kwa siku, yaani kama 31 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo moja anahitaji 70 kwa kilo hiyo moja, na mpaka afikishe miezi minne zidisha karibu mara tatu. Hiyo ni nguvu inayokaribia ya mayai matatu kila siku, ndani ya kiumbe anayetoshea kwenye kiganja. Tumbo lake halibebi mlo mkubwa, ini lake haliwezi kuweka akiba ya sukari ya kutosha, na misuli aliyonayo ni midogo. Akikaa saa kadhaa bila kula, akapigwa na baridi na kusumbuliwa kidogo, sukari ya damu inashuka. Analegea, anatembea kama mlevi, anatetemeka, ufizi unapauka, mwili unapoa, kisha anashikwa na degedege. Yote hayo yanaweza kutokea kabla chungu cha maharage hakijaiva.

Ndiyo maana mimi huiogopa safari ya Desemba kuliko baridi ya mlimani. Kibwa aliyetenganishwa na mama yake juzi anapakiwa alfajiri bila kula ili asitapike njiani. Anapita joto la Korogwe na Same, zaidi ya kilomita 500 kwa jumla, akishikwashikwa na watoto kila gari linaposimama. Jua likizama anafikishwa Machame kwenye ubaridi, kwa ndugu kumi wanaogombea kumbeba. Usiku wa manane amelala ubavu. Familia inasema amechoka na safari, aachwe apumzike. Huo ndio wakati wa kuamka na kupaka asali au maji ya glukosi kwenye ufizi wake kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo. Aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Wakati huohuo anapashwa moto taratibu kifuani mwa mtu, na akizinduka analishwa, kisha anapelekwa kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima, kwa sababu sukari iliyoshuka mara moja hushuka tena. Na safarini kwenyewe dawa ni rahisi: mlo mdogo kila baada ya saa tatu au nne, na kikapu kisichofunguliwa kwa kila anayetaka kumwona.

Baada ya hapo kinachobaki ni ratiba. Milo minne au mitano kwa siku, wa mwisho saa nne au saa tano usiku na wa kwanza saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo nyumba nyingi za Machame tayari kuna mtu aliyeamka kukata majani ya ng'ombe. Punje za chakula cha vibwa zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu ndizo salama kuliko vyote, na kwa mnyama mdogo hivi gharama yake haitishi: mfuko unaomalizwa na mbwa wa ulinzi kwa siku chache humtosha huyu kwa muda mrefu. Anayepikia nyumbani atumie nyama ya kusaga, ini kidogo, yai la kuchemsha, wali uliolainika na dagaa wasio na chumvi, ila ajue kwamba nyama ina kalsiamu kidogo sana na mifupa inayokua inaidai. Amuulize daktari aongeze nini na kwa kiasi gani. Mtori wa mezani haufai, una kitunguu na chumvi. Maziwa ya ng'ombe, ambayo hapa yako jirani na kila jiko, huwaharisha wengi, na kuhara kwa siku moja kunatosha kummaliza mnyama wa kilo moja kwa kukauka maji.

Kihamba chenyewe kina vitu ambavyo mbwa wa kawaida huvipita bila madhara. Chukua kahawa. Gramu 10 za buni za arabika, konzi ndogo ya mtoto, zina kafeini ya karibu miligramu 120. Mbwa wa kilo 25 akizitafuna atahangaika kidogo, pengine asionyeshe lolote. Kwa kibwa wa kilo moja tayari ni kiwango kinachoweza kuua, kwani kwa mbwa hatari ya kifo huanza kwenye miligramu 100 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito. Machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yanayomwagwa kwa ng'ombe na kuku bado yana kilevi. Kokwa la parachichi lililodondoka linaziba koo au utumbo. Chokoleti na zabibu kavu za keki za Krismasi ni sumu, na mifupa iliyopikwa hupasuka kama sindano. Sisemi kihamba kigeuzwe hospitali. Nasema kibwa huyu asiachwe peke yake chini ya meza ya kuanikia kahawa.

Baridi ni jambo ambalo wenyeji hulielewa haraka, kwa sababu wao wenyewe hujifunika mablanketi mazito Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka msituni na jua kupotea siku nzima. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani, kwa hiyo joto humtoka upesi. Kosa hutokea kwenye njia ya kumpasha. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wazima, sembuse yeye. Kumlaza kando ya mafiga ni kumpa moshi na majivu ya moto. Chupa ya maji moto iliyozungushiwa kitenge, ndani ya boksi lenye nafasi ya yeye kusogea pembeni akisikia joto limezidi, inatosha usiku mzima ikibadilishwa mara moja, na saa ya kuibadilisha ndiyo hiyohiyo ya mlo wa usiku.

Sasa dawa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo upendo na madhara hukutana waziwazi. Ingia duka lolote la dawa za mifugo kati ya Boma Ng'ombe na Moshi mjini. Rafu imepangwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwenye kibwa anaeleza kwamba mbwa wake anajikuna na ana kupe. Muuzaji, kwa nia njema, anamtolea kichupa cha ivermectin ya sindano. Dawa hiyo kwa kawaida ina miligramu 10 kwa kila mililita, na maelekezo yake kwa ng'ombe ni mililita moja kwa kilo 50 za uzito. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kibwa wa kilo moja: inatoka mililita 0.02, chini ya nusu ya tone. Hakuna bomba la sindano la kawaida linalopima hivyo. Anayesema "mtilie kidogo tu" na kuvuta robo mililita amempa zaidi ya mara 12 ya kipimo, na matokeo ni kutetemeka, upofu, kupoteza fahamu, wakati mwingine kifo. Hadithi ni ileile kwa vidonge vya minyoo vya mbuzi vinavyokatwa kwa kisu, na kwa amitraz ya kuogeshea ng'ombe, ambayo mbwa wa aina ndogo na watoto wa mbwa hudhurika nayo upesi kuliko wengine.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kununua, kabla ya mkanda, kabla ya kibakuli chenye picha ya mfupa, ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Apimwe kila siku kwa wakati mmoja, namba iandikwe ukutani. Kibwa anayekua haongezeki sawa kila siku, lakini akipungua siku mbili mfululizo kuna jambo, hata kama bado anacheza. Na kila dawa itokane na namba hiyo, iandikwe na daktari, na ikiwezekana iwe ya maji iliyotengenezwa kwa vibwa. Minyoo huanza kutibiwa akiwa na wiki mbili, kila baada ya wiki mbili hadi afike wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kupe na viroboto kwa umri huu hutolewa kwa mkono na kitana. Inafaa kukumbuka kwamba kibwa wa kilo moja ana damu ya mililita 80 au 90 tu, chini ya kikombe cha chai, na kundi la viroboto linaweza kuimaliza kiasi cha ufizi kuwa mweupe. Funza nao wasisahauliwe. Hupenda vidole vya miguu, na kibwa anayechechemea bila jeraha linaloonekana ageuzwe nyayo kwanza.

Chanjo inaleta mgongano ambao sijaona ukitatuliwa vizuri katika nyumba nyingi. Kirusi cha parvo huishi kwenye udongo hata zaidi ya mwaka. Mbwa wa Machame wakifunguliwa usiku hupita vihamba vya jirani bila kubisha hodi, kwa hiyo asubuhi ua wako una vinyesi vya mbwa ambao hujui historia yao. Chanjo ya parvo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, na kabla ya kumaliza hapo kibwa hapaswi kukanyaga njia ya wote. Wakati huohuo, umri wa wiki 3 hadi 14 ndio mbwa hujifunza nani ni rafiki na sauti gani si ya kuogopa. Akifungiwa ndani miezi yote hiyo anakua mwoga na mng'ataji, tabia ambayo watu huidhania kuwa ya asili ya mbwa wadogo, kumbe nyingi imetengenezwa.

Jibu ni kumtoa bila kumshusha chini: abebwe aone ng'ombe, asikie bodaboda, kengele ya kanisa, mashine ya kusaga. Hapo linaingia jambo la heshima. Kumfunga mbwa mgongoni kwa mbeleko mbele ya wazee ni kuwatukana akina mama waliolelea watoto kwa nguo hiyohiyo, na nawaelewa kabisa wanaokasirika. Kikapu chenye mfuniko kinafanya kazi ileile. Vivyo hivyo kwa jirani Mwislamu: mate ya mbwa kwenye kanzu yake ya swala ni najisi inayomrudisha kuosha, na kusema "huyu ni msafi, ameogeshwa leo" hakumsaidii. Mbwa mdogo azuiwe kama anavyozuiwa mkubwa.

Kichaa cha mbwa kina kanuni yake: chanjo akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyoandika kwenye kadi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na nchi, Tanzania ikiwamo, zimewekewa lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030. Kibwa mwenye meno ya sindano hung'ata vidole vya kila mtoto anayecheza naye, na kwa kuwa ni mdogo hakuna anayemhesabia. Jeraha lake lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtoto apelekwe kituo cha afya, Hospitali ya Machame au ile ya KCMC mjini Moshi, kama angeng'atwa na jibwa la mtaani. Wanaoona chanjo kuwa anasa ya matajiri wakumbuke pia mwaka 1994, distempa inayodhaniwa kuwa ilitoka kwa mbwa wa vijijini ilipoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Machame nayo inapakana na hifadhi.

Hatari nyingine hazihitaji maneno mengi. Mwewe. Nguchiro. Siafu wakati wa mvua, ambao watu huwapisha kwa saa chache wasafishe nyumba na kuondoka; mnyama aliyefungiwa kwenye tenga sakafuni hana pa kuwapishia, kwa hiyo kibwa asifungiwe nyumba ikiwa tupu. Mbwa wa ulinzi wa nyumba yenyewe, hata mpole, anahitaji sekunde moja tu ya kugombea mfupa. Walishwe mbali, na saa ya kumfungua mkubwa iwe mdogo ameshaingia ndani. Mifupa ya miguu ya mbele ya aina hizi huvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi, na koromeo lao ni laini, kwa hivyo mkanda uwe wa kifuani, usiwe wa shingoni. Chihuahua wengi wana utosi usiofunga, kama wa mtoto mchanga. Meno ya utoto yanayokataa kutoka baada ya miezi sita yang'olewe na daktari.

Mengi ya haya hupungua makali kwa uamuzi mmoja unaofanyika mjini, kabla ya safari. Wauzaji wa Dar es Salaam na Nairobi wamejifunza kwamba udogo unauzwa, na humsifia kibwa kwa kusema atabaki hivihivi, mbwa wa kikombe cha chai. Hakuna aina ya mbwa inayotambuliwa kwa jina hilo. Mara nyingi ni mdogo kuliko ndugu zake aliyezaliwa dhaifu, au aliyenyimwa chakula, au mwenye wiki tano anayetangazwa kuwa na wiki kumi. Malkia Victoria alisaidia kueneza mtindo wa Pomeranian wadogo, na tangu wakati huo soko limekuwa likidai wadogo zaidi. Mtafiti anaweza kueleza jinsi tofauti katika jeni moja, iliyotangazwa mwaka 2007, inavyochangia udogo wa mbwa hawa. Hawezi kueleza kwa nini mnunuzi anamchagua aliyesinzia pembeni kwa sababu "anatia huruma". Ushauri wangu ni mkali: usipokee kibwa wa aina ndogo kabla ya wiki 10, afadhali 12, mwone mama yake, mtake aliye mkubwa na mchangamfu kuliko wote katika uzao huo, na kama muuzaji hataki apimwe kwenye mizani mbele yako, ondoka.

Kisha inakuja Januari. Magari yanashuka, na kibwa anabaki na bibi na dada wa kazi. Bibi analea vizuri kuliko wengi, kwa kuwa ameshalea watoto na anajua kuamka usiku, ila hakuulizwa. Pesa ya punje za chakula hutumwa miezi miwili ya kwanza, kisha zinaisha na ugali unaanza. Mbwa wadogo huishi miaka 12 hadi 16. Anayempa bibi wa miaka 78 kibwa wa miezi mitatu anapaswa kumtaja, siku hiyohiyo, mtu atakayemchukua baadaye, kama vile kihamba kinavyojulikana kitabaki kwa nani. Bibi wengi, wakiulizwa kwa ukweli, wangechagua mbwa wa kienyeji mwenye umri wa mwaka mmoja na simu inayopigwa kila Jumapili.

Na kama ni jike, kuna saa inayokwenda bila kelele. Aina ndogo hupata joto la kwanza mapema, wengine kabla ya miezi sita, na madume yanayozunguka usiku hayatapima kilo zake. Mimba ya dume la kilo 20 ndani ya jike la kilo mbili inaweza kuishia kwa upasuaji au kwa kifo, na hata wakiwa wa aina moja uzazi wa mbwa hawa mara nyingi hukwama. Kumfunga kizazi ndilo jibu, lakini upasuaji kwa mwili mdogo hivi unataka nusukaputi iliyopimwa kwa uangalifu, meza yenye joto, na sukari yake kuangaliwa kabla na baada. Basi suala hilo lizungumzwe na daktari akiwa na miezi minne, wakati bado kuna nafasi ya kuchagua. Daktari akikwambia hajawahi kumlaza mnyama wa chini ya kilo mbili, amekusaidia. Muulize nani Arusha anafanya, au panga safari ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na umbebee chakula cha njiani.